Visanduku Vilivyoachwa Wazi

Hivi wewe, ukimwachia mgeni nyumba yako ukamweleza kila kitu, kwamba bomba la bafuni linavuja kidogo, kwamba ufunguo wa chumbani unazungushwa kushoto, utakumbuka kumwambia kwamba mlango wa jikoni huwa haufungwi mchana? Hutakumbuka. Kwako hilo si jambo la kusema, ndivyo mlango ulivyo siku zote. Naye mgeni atafika, atauona uko wazi, ataufunga kama alivyozoea kwao, na paka wako atashinda nje na njaa akikulaani wewe.

Ndicho kilichompata Bi Waya, ila kwake hakuwa paka.

Bi Waya hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wenzake wa shirika la maji, kwa sababu kila walipomtafuta walimkuta ama yuko chini ya meza akivuta waya, ama juu ya ngazi na waya mdomoni, ama anakatiza ukumbini na bunda la waya begani kama mtu anayekwenda kufunga ng'ombe. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na viatu vya wazi hata siku ya mvua. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ngazi, pale ambapo ofisi nyingine zingeweka mafagio. Ndani mlikuwa na meza, feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza, na seva, yaani ile kompyuta isiyo na kioo inayozihudumia nyingine zote. Kona moja ya seva ilikuwa imewekewa kipande cha boksi kilichokunjwa ili isiyumbe.

Seva hiyo ndiyo iliyoshika VPN ya shirika. Wenyewe waliiita handaki, na si jina baya. Mtu akiwa mbali, nyumbani kwake au huko kwenye pampu nje ya mji, anapita kwenye intaneti hii hii ya watu wote, lakini ndani ya njia yake iliyofunikwa, mpaka anatokea ofisini, na hakuna wa pembeni anayejua amebeba nini. Kwa handaki hilo watu wa pampu walitazama matangi, Meneja alisoma barua zake akiwa safarini, na mdogo wake Bi Waya alilinda tangi la mlimani akiwa nyumbani kwa Mama.

Mdogo wake huyo kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango nyuma yake, baada yake Mama hakuzaa tena. Zamani Kitinda alikuwa mwendesha pampu. Alivaa buti za mpira, alipakaa grisi mpaka kwenye nyusi, na wanaume wa pampu walikuwa wakisema kwamba akiweka kiganja juu ya mota anajua imelala vibaya hata kabla haijalia. Kisha Mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda pembeni, maneno yakawa yanatoka moja moja kama matone ya bomba bovu. Kitinda ndiye aliyekuwa bado anaishi pale nyumbani. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Akachukua likizo. Likizo ikaisha, akaongeza. Bi Waya akaja siku moja na kompyuta, akamwekea mezani kwenye chumba cha Mama karibu na dirisha, akaunganisha handaki, akasema sasa mdogo wangu huna haja ya kuhangaika, kazi itakufuata hapa hapa. Kitinda akasema ahsante Dada. Basi, ikawa hivyo. Kikao hakikukaliwa. Kaka yao wa katikati, aliyehamia mbali, alizoea kutuma ujumbe wa sauti kila mwisho wa wiki, mrefu, wenye kuku wakilia nyuma yake, akimwombea Kitinda baraka za dunia na ahera. Bi Waya alikuwa akija kila Jumapili na sabuni, nepi za wakubwa na matunda, anaketi na Mama mpaka jua lipoe, kisha anarudi kwa mumewe na watoto wake.

Sasa seva ile ya zamani ikakata roho. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na ndani ya chumba cha nyuma ya ngazi kukanuka kama nywele zilizoungua. Bi Waya hakutetereka sana. Seva mpya ilikuwa imeshanunuliwa, bado iko kwenye plastiki yake, na bakapu, yaani nakala ya mipangilio yote ya ile ya zamani, alikuwa nayo kwenye droo, ndani ya diski aliyoifunga kwa kitambaa cha kichwa. Wenzake walikuwa wakimcheka kwa kitambaa hicho. Siku hiyo hawakumcheka.

Akaiwasha mpya, akaipa faili la zamani ilisome. Ikasoma kwa utulivu. Majina ya watu yakaingia, funguo zao zikaingia, pampu zote zikaitwa moja moja zikaitika. Mwishoni ikaleta sentensi moja kwenye kioo cha kompyuta aliyokuwa ameiunganisha nayo: sehemu ambazo faili halikuzitaja zitajazwa na mipangilio ya kawaida, je, endelea? Bi Waya alikuwa hajala tangu asubuhi. Meneja alikuwa amesimama mlangoni akiuliza kila mara bado, bado. Naye aliamini kwamba kila alichokiweka kwenye ile ya zamani kimo kwenye faili, kwa sababu alikiweka kwa mkono wake. Akabonyeza endelea.

Akamgeukia Meneja akamwambia kila kitu kimerudi vilevile. Alilisema hilo mbele ya watu wa mapokezi pia, na wakapiga makofi.

Kulipokucha, Kitinda alifungua kompyuta yake kama kawaida, akaingiza neno la siri, akaona kipimo cha tangi la mlimani. Akakipanua kikajaza kioo kizima, namba kubwa nyeupe juu ya rangi ya buluu, apate kuiona hata akiwa upande wa pili wa chumba. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Tangi lile lilikuwa na boya la chuma la kuzima pampu lenyewe maji yakijaa, lakini boya lilishaliwa na kutu, na jipya lilikuwa linaahidiwa kila mkutano. Kwa hiyo boya lilikuwa Kitinda. Maji yakikaribia ukingo, yeye alizima pampu kwa kidole.

Akaleta beseni, akaleta taulo mbili, moja ya kulowesha na moja ya kukaushia, akamgeuza Mama ubavu. Kumwogesha Mama si kazi ya haraka. Unaanza na uso, unakuja shingo, unauinua ule mkono usio na habari na kupita kwapani, na kila mahali unapopita unafunika kabla hujafunua pengine, maana Mama ana haya zake na kiharusi hakikuzichukua. Kitinda alikuwa akitupa jicho kwenye kioo. Namba ilisema nusu na kidogo. Akamaliza mgongo, akatazama, nusu na kidogo. Akampaka mafuta, akambadilisha shuka, akatazama, nusu na kidogo. Akajisemea moyoni pampu leo inavuta kivivu, labda umeme ni mdogo. Akaenda kumwaga maji ya beseni.

Alipokuwa akimlisha Mama supu ndipo simu ikalia. Alikuwa mlinzi wa tangi, anapiga kelele hata hasikiki. Tangi lilikuwa linamwagika. Maji yalikuwa yameteremka mlima kwa muda ambao hakuna aliyejua, yakapita kwenye mtaro, yakauacha mtaro, yakaingia kwenye karakana ya seremala aliyekuwa amelaza mbao zake chini zikauke. Mbao alizozikausha msimu mzima. Seremala, walivyosimulia waliofika, alikuwa amekaa juu ya meza yake ya kurandia, miguu imening'inia juu ya maji, ameshika randa mapajani, akimwuliza kila anayeingia kama amekuja kununua kabati au kununua samaki.

Meneja alimwita Bi Waya na akampigia Kitinda simu hapo hapo mezani, sauti imefunguliwa. Hakufoka, na ingekuwa nafuu angefoka. Alisema anaelewa hali ya nyumbani, kila mtu ana mzazi. Lakini mtu mmoja hawezi kulinda mgonjwa na maji kwa macho mawili, na mwisho wa wiki kiti cha tangi la mlimani kitarudi ofisini, akae mtu asiye na kitanda cha mgonjwa mgongoni. Kitinda akasema namba ilikuwa nusu. Meneja akasema maji yalikuwa kwenye magoti ya seremala. Kitinda akarudia, nusu na kidogo, nimeitazama mimi. Meneja akaikata simu kwa adabu.

Bi Waya alimpigia mwenyewe baadaye, akiwa amesimama kwenye korido. Na hili ndilo lililomkaa kooni siku zilizofuata, kwamba neno lake la kwanza kwa mdogo wake lilikuwa kumwuliza, kwa sauti ya chini, kama alisinzia.

Upande wa pili alisikia kijiko kikigonga bakuli.

"Sikusinzia, Dada," Kitinda akasema. "Ngoja nimfute Mama mdomo." Na hakurudi kwenye simu.

Kama kiti kingehamishwa, Kitinda angebaki na nini? Bi Waya aliliwaza hilo akiwa amelala, macho yako kwenye dari. Kazi yenyewe ingekwisha, maana ya ofisini asingeweza kwenda na kumwacha Mama peke yake. Mshahara ni jambo moja. Lakini lile dirisha, ile namba nyeupe, ndiyo ilikuwa kazi pekee iliyobaki mkononi mwa mdogo wake isiyokuwa nepi. Alijua hivyo, na alijua ni yeye aliyempelekea. Akaamka na nia moja, kumrudishia Kitinda mahali pake.

Kesho yake alijifungia chumbani kwake, akazima feni ili afikirie vizuri, akaiambia seva mpya imwonyeshe kumbukumbu za asubuhi ile. Mashine hizi huandika kila kitu, ukizisoma kwa subira zinakuambia. Akamkuta Kitinda ameingia alfajiri. Akashusha kidole. Saa moja baadaye, mstari mwingine: muda umekwisha, njia imefungwa, neno la siri linasubiriwa.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Mstari ulikuwa bado pale.

Hapo sasa nikueleze taratibu. Seva ile ya zamani ilikuwa haimfungii mtu nje. Ukishaingia umeingia, mpaka utoke mwenyewe. Hakuna aliyeichagua tabia hiyo, ilitoka nayo kiwandani, kama mtoto anavyotoka na vidole vyake. Kisanduku cha muda, yaani pale kwenye mipangilio unapoandika mtu akae ndani saa ngapi, kilikuwepo, lakini kiko wazi, na kwake wazi maana yake ni bila kikomo. Na ile mashine, ilipokuwa ikiandika faili lake, iliandika tu yale ambayo mtu ameyagusa akayabadilisha. Yaliyobaki kama yalivyozaliwa haikuyaandika. Kwa hiyo faili kwenye kitambaa cha kichwa lilikuwa na yote aliyoyafanya Bi Waya kwa mikono yake, na halikuwa na hata moja katika yale aliyoyaacha yajiendee. Seva mpya ilipokuta pako wazi, haikuuliza zamani palikuwaje. Ikajaza kwa tabia zake yenyewe, na tabia yake ni kwamba kila baada ya saa moja mtu asimame mlangoni ajitaje upya. Kisanduku cha kuomba neno la siri kilikuwa kimetokea kwenye kompyuta ya Kitinda, tena kwa wakati wake, lakini nyuma ya ile namba kubwa iliyojaza kioo. Namba yenyewe ilikuwa picha tu, imeganda pale ilipokatikia.

Akaanza kuhesabu visanduku vingine vilivyojazwa namna hiyo, akaacha kuhesabu. Kuna kilichomzuia mtu kuingia kwa kompyuta mbili. Kuna kilichopeleka safari zote za mtu, hata zisizohusu kazi, zipitie ofisini kwanza. Vyote kimya kimya, vyote kwa lile neno endelea. Jasho likamtoka, na si la feni kuzimwa.

Njia ya mkato ilikuwepo na aliiona. Angefuta ile saa moja, akaweka bila kikomo, na hakuna ambaye angejua. Kesho namba isingeganda tena. Lakini Kitinda angebaki yule aliyelala maji yakamwagika, na mtu mwingine angekalia kiti. Alikaa muda na mkono juu ya kibodi. Kisha akapanda ngazi.

Meneja alikuwa na mgeni, akamsubirisha. Alipoingia alibaki amesimama. Akamweleza yote, kuanzia faili mpaka kisanduku, na Meneja, ambaye si mtu wa kukatiza, akamsikiliza akizungusha kalamu.

"Kwa hiyo mashine ndiyo imekosea," akasema.

"Mashine imefanya kazi yake. Iliniuliza, mimi nikaiambia endelea."

"Na mimi ulinambia vilevile. Mbele ya watu wa mapokezi."

"Nilikwambia."

"Wakapiga makofi, Bi Waya."

"Walipiga."

Meneja akaweka kalamu chini. Alisema mengi baada ya hapo na mengi yalimstahili. Alisema angalau boya lina sababu, lina kutu. Alisema ataandika onyo, na litakaa kwenye jalada lake. Alisema ataenda kwa seremala yeye mwenyewe, Bi Waya, na viatu vyake hivyo vya wazi, akaombe radhi na kusaidia kupanga mbao juani, na alikwenda kweli, na seremala alimpa ufagio kabla hajamaliza salamu. Lakini mwisho Meneja alipiga simu nyingine, akamwambia karani wa ajira aiache nafasi ya tangi la mlimani kama ilivyo. Yule dada hakusinzia, akasema. Bi Waya akageuza uso kwenye dirisha.

Kisha akaambiwa arudishe kila kitu kama zamani. Naye, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, akamjibu Meneja kwamba hawezi.

"Zamani ilikuwa zamani ya nani?" akamwuliza. "Hivyo visanduku hakuna aliyevijaza. Nikiandika bila kikomo nitakuwa nimebuni mimi. Nikiacha saa moja, imebuni mashine. Niache nikawaulize wenyewe."

Meneja akamtazama kama anayemwona ana kichwa cha pili. Halafu akasema nenda, lakini uwaulize upesi.

Akazunguka. Kwenye pampu ya kwanza walimwuliza kama amekuja kuwaposa, maana hawajawahi kuulizwa na ofisi wanataka nini. Mmoja akasema yeye anataka handaki limfunge kila saa, tena bora kila nusu saa, kwa sababu akienda kutazama mota wenzake wanakalia kompyuta yake na kumwachia picha za mbuzi. Mwingine akasema asifungwe kabisa, vidole vyake vina grisi na neno la siri lina herufi kama wimbo wa shule. Mwingine alikuwa akitumia kompyuta mbili siku zote bila mtu kujua, akakiri akicheka. Bi Waya aliandika kila moja, akasoma kwa sauti alichoandika, mtu akakubali ndipo anafunga. Wengine walimwulizia Kitinda. Wakasema mwambie mota ya tatu inalia tena, hakuna anayejua pa kuishika.

Wa mwisho akamwacha awe mdogo wake. Alitaka kumpelekea akiwa na habari njema kamili mkononi.

Alifika saa za alasiri, jua likiwa limeingia mpaka kwenye miguu ya kitanda. Mama alikuwa macho, ameegemezwa mito mitatu, nywele zimesukwa upya. Kompyuta ilikuwa imefungwa na juu yake pameanikwa soksi. Kitinda alikuwa amechuchumaa sakafuni akikamua shuka kwenye beseni. Hakuinuka. Wakasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni.

Bi Waya akaketi ukingoni mwa kitanda, akashika mguu wa Mama, akasema yote. Kwamba namba iliganda. Kwamba Meneja anajua. Kwamba yeye ndiye aliyefanya uzembe na ameandikiwa onyo. Kwamba alimwuliza kama alisinzia, na hilo alikosea, amsamehe. Mama alikuwa akimfuata kwa macho, kutoka mdomo mpaka mdomo.

"Nilishajua sikusinzia," Kitinda akasema.

"Kazi yako ipo, mdogo wangu. Kiti ni chako."

Kitinda akaipinda shuka mara nyingine, maji yakatiririka.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Dada. Ahsante."

Ahsante ile Bi Waya alikuwa anaijua. Ilikuwa ile ile ya siku ya kompyuta, haikuongezeka wala kupungua, na alishangaa kwamba miaka yote hakuwahi kuitazama vizuri. Akatoa miwani, akaivaa, akafungua mkoba akatoa kalamu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyokuja nayo na hakujua aanzie wapi pengine.

"Sasa nakuuliza kama nilivyowauliza wote. Sitaki kujaza mimi. Handaki lako nilirudishe kama zamani, usifungwe kabisa, ukae humu kuanzia alfajiri mpaka jioni bila kusumbuliwa?"

Kitinda akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

"Hivyo ndivyo unavyouliza?"

"Niulize vipi?"

Kitinda akaacha shuka ndani ya beseni. Akajifuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja, akatazama mlango unaokwenda uani. "Njoo nje," akasema.

Bi Waya alikuwa ameshainuka nusu. Mama akatoa sauti. Wote wawili wakamgeukia, maana ilikuwa sauti ya kutaka neno, na maneno ya Mama yalihitaji kungojewa. Mdomo ulihangaika upande wake mzima. Mkono wa kushoto ulipapasa shuka, ukapiga godoro, mara mbili, pale alipokuwa ameketi Bi Waya.

"Ha... hapa," Mama akasema. Akapumzika. "Aseme hapa."

Bi Waya akaketi tena. Simu ya Kitinda ikatoa mlio mezani, pengine ni kaka yao na baraka zake, na haikuguswa. Kitinda alikuja taratibu, akakaa upande wa pili wa kitanda, akauchukua ule mkono usio na habari akauweka mapajani kwake, akaanza kuunyoosha vidole kama anavyofanya kila jioni. Macho yake yalikuwa kwenye vidole hivyo.

"Ungeniuliza siku ile ulipokuja na kompyuta," akasema. "Ungeniuliza tu."

"Nakuuliza leo," Bi Waya akasema.

Kitinda akamaliza kidole cha mwisho. Akamtazama Mama kwanza, muda mrefu, mpaka Mama akafumba macho na kuyafumbua, kama anayesema pita. Ndipo akamtazama dada yake.

"Nataka Mama ahamie kwako," akasema. "Mimi nataka kurudi kwenye pampu."